Barua ya wazi kwa wachapishaji wa Kiswahili: tuchoreeni Kusadikika, lakini mje mtuulize kwanza

Kwenu wakubwa mnaosimamia nyumba za kuchapisha vitabu vya Kiswahili, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwengineko, pamoja na wahariri wenu na wale wanaoamua picha ipi iingie kitabuni na ipi itolewe,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni msomaji tu, nakaa Langoni hapa Lamu mjini, natengeneza simu mchana na jioni nasoma. Sina cheo wala sijaandika kitabu, lakini hili jambo, la kutokuwa na kitabu cha picha na ramani cha nchi kama Kusadikika aliyoibuni Shaaban Robert, limenikaa rohoni tangu Ramadhani na nimeona nikinyamaza sitakuwa nimewatendea haki nyinyi wala sisi tunaowanunulia vitabu vyenu, kwa hivyo naomba mnivumilie kidogo manake ni refu.

Iko hivi. Tuko watu tisa, siku nyingine sita, tunakaa kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, la nyumba ya shangazi yangu kila Ijumaa na Jumamosi baada ya alasiri mpaka maghribi, kahawa tungu iko, kashata ziko, kaimati zikipatikana ziko, na kazi yetu ni kusoma hadithi za fantasia, zile za nchi za kubuni. Kuna mwalimu wa msingi, kuna binti anayesomea uuguzi, kuna kijana wa Matondoni fundi wa majahazi, kuna babu yangu ambaye alikuwa nahodha na mato yake sasa hayamsaidii kusoma lakini masikio yako sawa kabisa. Mmoja anashika kitabu cha Kiingereza anasoma ukurasa, halafu anasimulia kwa Kiswahili, na wengine wanamkatiza kila saa, ndo raha yenyewe.

Hivo ndivyo tulivyomaliza sirisi ya Robert Jordan, The Wheel of Time. Ni vitabu 14 ukiacha kile cha utangulizi, cha kwanza kilitoka 1990 na cha mwisho 2013, na mwenyewe alifariki 2007 kabla hajafika mwisho, Brandon Sanderson ndiye aliyemalizia kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Sisi ilituchukua karibu miaka mitatu. Kuna mtu alilia siku ya mwisho, simtaji.

Basi shangazi akaenda Mombasa, akarudi na mzigo wa vitabu vya mtumba, na ndani yake, wallahi sikuamini, mlikuwa na kile kitabu kikubwa cha picha kinachokwenda pamoja na sirisi hiyo, cha 1997, alichokitoa Jordan pamoja na Teresa Patterson. Kitabu mwenzi ndivyo tunavyokiita hapa barazani. Ndani mna historia ya ule ulimwengu tangu zama za mwanzo, mna ramani, mna nchi moja moja na watu wake na mavazi yao, mna picha za rangi. Kilizunguka nyumba kwa nyumba wiki tano, kila mtu akirudi na maneno yake, na maneno hayo ndiyo nataka kuwaletea, kwa sababu naamini yanawahusu nyinyi kuliko yanavyowahusu watu wa Marekani waliokichapisha.

Nianze na picha, manake huko ndiko kelele zilikokuwa nyingi. Wasomaji wengi duniani wamekuwa wakiilalamikia michoro ya ndani ya kitabu kile kwa miaka, na sisi tulipokifungua tuliona kwa nini. Sisemi mchoraji hajui kazi. Nasema mtu ukishakaa na mhusika kwa vitabu 14 unamjua kama jirani yako, unajua akikasirika anafanyaje na mkono wake, sasa unafungua ukurasa unaambiwa huyu hapa ndiye, unatazama, unasema hapana, huyu mimi simjui. Yule binti wa uuguzi alifunga kitabu akasema bora wangeacha kumchora kabisa. Mwalimu akamjibu kwamba watoto wake darasani hawawezi kusoma kitabu kisicho na picha, na kwamba picha isiyokuridhisha inakufanya urudi kwenye maandishi kuhakikisha, kwa hivyo imefanya kazi. Walibishana mpaka adhana ikawakatiza. Mimi niko upande wa binti, lakini hoja ya mwalimu sijaweza kuivunja mpaka leo.

Halafu kuna Watu wa Bahari. Hawa, kwa msiosoma, ni watu weusi wa ule ulimwengu wa Jordan, wanaishi melini na visiwani, wanawake ndio manahodha, kila meli ina bibi wa tanga anayeamuru na bibi mwengine anayetafuta upepo kwa nguvu za siri, na mume wa nahodha mara nyingi ndiye anayeshughulikia shehena. Wanavaa herini na kipini cha pua vilivyounganishwa kwa mkufu wenye vidani vidogo vidogo, na mikononi wana michoro ya chale. Jamani mnaweza kufikiria baraza la Lamu lilivyopokea habari hizo! Kina mama waliokuwa ndani wakipika walitoka nje kusikiliza. Kila mmoja alishawachora kichwani mwake, na wote waliwachora na hina na piko badala ya chale, na kipini cha nyanya zao, na sauti za nyanya zao pia. Tulipopata kitabu mwenzi, kabla ya jambo lolote tulitafuta sura ya Watu wa Bahari, na tulisikitika tu kwamba haikuwa ndefu zaidi.

Kitu kimoja kwenye habari zao kilitunyamazisha. Ulimwengu ule wote unasifu vyombo vya kauri vya Watu wa Bahari, sahani na vikombe vya bei kubwa, kumbe si wao wanaovitengeneza. Wanaovifinyanga ni watu wengine wa visiwa hivyo hivyo, wanaokaa nchi kavu, wanaitwa Amayar, hawana habari na bahari, na wenye meli wanavibeba na kuviuza kwa jina lao. Babu aliposikia akanyoosha kidole ndani kwenye zidaka za shangazi, vile vishubaka vya ukutani. Sisi tumepanga sahani za Uchina ukutani karne na karne, tumezijengea mpaka kwenye makaburi ya nguzo, na mshairi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha majumba ya Pate yalivyokufa alitaja madaka ya sahani, zidaka hizohizo, yakilaliwa na ndege. Lakini ni nani aliyeifinyanga ile sahani? Hakuna anayejua jina lake. Binti wa uuguzi akasema kumbe kazi ya kitabu mwenzi ni hiyo, kumtaja aliyefichwa na hadithi. Hilo neno nililiandika kwenye simu usiku huohuo.

Kuna jambo jengine lililogawa baraza. Kitabu kile kimeandikwa kama vile mwandishi ni mwanachuoni wa hukohuko ndani ya hadithi, anayejua yale tu ambayo mtu wa huko angeyajua, kwa hivyo kuna mahali anakosea na kuna mahali hajui, na ni makusudi. George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones, na wenzake Elio García na Linda Antonsson walifanya vilevile kwenye kitabu mwenzi chao cha 2014, chenye picha zaidi ya 170 za wachoraji wengi tofauti, nacho msimulizi ni msomi wa ndani ya hadithi. Kijana wa Matondoni hakupenda hata kidogo. Alisema mimi nikitoa pesa yangu ninunue kitabu cha kunionyesha njia nataka njia, sitaki mtu wa kuniambia huenda ni kule huenda ni huku. Mwalimu akacheka akamuuliza, wewe tarehe ya Pate, ile historia ya kale ya watawala wa Pate, umeisoma? Ina nakala kadhaa na hazikubaliani, huyu anasema hivi yule anasema vile, na bado ndiyo historia tunayoitegemea. Hapo mimi nilikubaliana na mwalimu moja kwa moja. Msimulizi anayeweza kukosea ni mtu wetu, tumezoea kukaa na wazee watatu wanaosimulia vita vimoja kwa namna tatu na kila mmoja ana shahidi wake.

Lakini kijana naye ana haki kwenye jambo moya kubwa. Kitabu kile kilitoka 1997, yaani baada ya cha 7 na kabla ya cha 8. Nusu ya safari! Sisi tuliokifungua baada ya kumaliza tulikuta mambo makubwa hayamo na hayangeweza kuwamo, ndiyo maana 2015 Harriet McDougal, mkewe Jordan na mhariri wake, akatoa na wenzake kile kingine cha mpangilio wa kamusi ili kukusanya yaliyobaki. Msomaji ananunua mara mbili. Kwa mtu wa Lamu anayetegemea mtumba ufike kwa basi na boti, mara mbili maana yake hapati kabisa.

Sasa wakubwa wangu nifike kwenu.

Mbona sisi hatuna? Nimeuliza barazani na kila mtu akaanza kutaja sababu za pesa, karatasi ghali, wino wa rangi ghali, soko dogo. Sawa, nakubali pesa ni shida. Lakini hadithi tunazo na zimekamilika tayari, hazisubiri kitabu cha 8. Marehemu Shaaban Robert alituandikia Kusadikika 1951, nchi nzima inayoelea angani, na Karama amesimama mbele ya mahakama kwa kushtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Ramani ya namna hiyo nani ameichora? Ninyi mnajua nchi yoyote ya fantasia yenye ramani ya pande sita? Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, yumo gavana anayewachapa manyani wawili kila usiku naye analia, na manyani wenyewe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na umo mji mzima wa watu waliogeuka mawe. Kisha kuna Kufikirika, kilichotoka baada ya yeye kufariki 1962. Ni nchi tatu za kubuni, za mtu mmoja, za Kiswahili fasaha. Zinahitaji kitabu mwenzi kimoja tu, kikubwa, cha rangi, chenye ramani, chenye mavazi ya wakusadikika, chenye sura ya kila mjumbe na kidonda alichorudi nacho.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri zaidi, kwa sababu nina hofu. Nina hofu kwamba mkikifanya mtakifanya bila kuuliza mtu.

Nawaambia kwa nini. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alileta kitabu cha kusoma cha darasa la tatu, nyumba iliyokichapisha siitaji, kina ukurasa umeandikwa habari za jahazi la Lamu. Picha ni nzuri, rangi imetulia, bahari ya buluu. Nikampelekea babu simu nimeikuza ile picha mpaka mwisho, akaisogeza karibu na jicho la kulia ambalo lina nafuu. Akakaa kimya. Akaniuliza, foromali iko wapi? Nikatazama tena. Tanga lilikuwa limeshonwa kwenye mlingoti wima kama vile mashua za kitalii za Wazungu, na chini ya tanga kuna boriti imelala. Jahazi halina boriti chini ya tanga. Foromali, boriti ya kushikia tanga, iko juu, imening'inia mshazari kwenye mlingoti, na mlingoti wenyewe umelalia mbele, tanga linashuka kutoka kwenye foromali na kona yake ya nyuma inashikwa na kamba tu, demani. Chombo kile cha kitabuni upepo wa kusi ungekivuta namna nyingine kabisa. Na bibi aliyesimama gatini kwenye picha hiyohiyo alikuwa amejitanda kanga moja, ya pili haionekani, na maandishi ya kanga yalikuwa mistari ya kuchezacheza tu, hayasomeki. Kanga haina jina! Babu akanirudishia simu akasema, "Huyu hakuona chombo kwa mato yake, na hakuna aliyemwambia ndoo utizame." Yaani njoo utazame.

Ndoo utizame. Ingegharimu nini? Fundi wetu wa Matondoni angemrekebishia mchoro ule kwa kalamu ya risasi muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Darasa zima la watoto Turkana na Kisii na Nyeri, ambao pengine hawatafika Lamu maisha yao, sasa wanajua jahazi ambalo halipo. Kwenye fantasia nyinyi mtasema ni nchi ya kubuni kila kitu kinaruhusiwa. Si kweli. Wasomaji wa Jordan walilalamika kwa sababu maandishi yalishasema jambo na picha ikasema jengine. Nchi ya kubuni ina sheria zake kali kuliko hii yetu kwa sababu haina pahali pengine pa kwenda kuhakikisha, ni kitabu tu.

Na msiniambie hatujawahi kufanya vizuri. Mwaka 1940, wakati wa ukoloni, hadithi ya Kiingereza ya Alice ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na Elisi akachorwa msichana wa Kiafrika. Aliyeamua hivyo alifikiria nani atakishika kitabu. Miaka zaidi ya 80 imepita.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, na nimelisoma barazani kabla ya kuliandika, watu saba wakaunga mkono na wawili wakasema niongeze ukali, sikuongeza. Tutoleeni kitabu mwenzi cha nchi za Shaaban Robert. Mkishapata michoro ya kwanza, ya penseli tu kabla ya rangi, msiipeleke kiwandani, ipelekeni kwa wasomaji, Tanga alikozaliwa yeye mwenyewe, Unguja, Mombasa, Lamu, hata bara, itazamwe na mtu aliyesoma hadithi mara kumi na mtu anayejua kushona, kujenga, kupika na kusafiri. Msichukue mchoraji mmoja akabeba pande sita peke yake, kila upande wa safari upewe mkono wake, kile cha Martin cha 2014 kilifaidika sana na wingi wa mikono. Msimulizi awe mtu wa Kusadikika, mfungwa mwenzake Karama labda, na akosee kidogo, itatufaa. Ramani msiikunje katikati ya kurasa mbili ikamezwa na mshono, iwekeni ya kukunjua. Na kwa hisani yenu ishoneni kwa uzi. Huku kwetu hewa ni ya chumvi na unyevu, gundi inaachia, na zile karatasi za kung'aa zinagandana, kitabu chetu cha mtumba kurasa nne za rangi zimeshikana na tukizibandua zinatoka na sura ya mtu. Tunakikausha kwa kukisimamisha wazi juu ya dirisha la mashrabia upepo upite, ndivyo tunavyofanya kila Jumapili, na bado.

Bei nayo. Sitaki kusema iwe rahisi mpaka mle hasara. Chapeni cha kava gumu kwa maktaba na mashule, na chengine chepesi kwa sisi, picha zilezile. Watu tisa watachanga wanunue kimoja, hilo naweza kuwaahidi kwa niaba ya baraza, na mwalimu amesema shule yake itataka cha pili.

Mkihitaji watu wa kutazama michoro, tuko. Daka ni lile la mlango wa nakshi wenye mfaa uliopasuka juu, ukitoka Mkunguni mbele ya ngome shika njia ya Langoni uulize baraza la wasomaji, watoto watakuleta. Njooni Ijumaa baada ya alasiri. Babu huwa ameshaketi, na mchoro mkubwa utakuwa bora kwake, wa karatasi, si wa simu.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Langoni, Lamu